Mita Kumi na Nne za Bafta

Alikuja Jumanne, mvua imemkaa mabegani,
Alwin Tesch, fundi miavuli wa mtaa wa nyuma ya kanisa,
akataka mita kumi na nne za bafta.
Nikamuuliza, nani amefariki?
Kwa maana bafta nyingi hivyo mimi huikatia sanda,
na katika mji wetu, kati ya mto Oder na mashamba ya viazi,
habari ya kifo hunifikia kabla ya mchimba kaburi.
"Hajafa mtu," akasema. "Bado."
Akacheka peke yake.

Aliazima na futikamba yangu.
Alimpima korongo aliyevunjika shingo kwenye bomba la moshi,
ncha ya ubawa hadi ncha ya ubawa,
tarakimu akiziandika kwenye mkono wa shati.
Korongo hao hutujia Aprili, Agosti wakaenda zao.
Huko waendako, nani huwaona
wakifuata jembe lake, wakiokota nzige?
Sisi tuliambiwa ni kusini, basi.

Nikashona. Yeye alileta fito za mtoni,
zile laini za kusukia vikapu, akazikunja kwa mvuke wa birika.
Nikapiga bandi, nikapitisha cherehani,
kisha nikarudia kwa mkono pale upepo utakapouma.
Bi harusi husamehe mshono mbaya. Marehemu hasemi.
Upepo ndio mteja wa kwanza kunitia hofu.

Jumapili, watu wakiwa ibadani,
alijitupa kutoka kilima cha udongo cha tanuri la matofali.
Hatua saba. Kabichi za mjane Pagel zikampokea.
Jumapili iliyofuata, kumi na tisa.
Ya tatu akavunjika mtulinga.
Mchungaji alihubiri juu ya kiburi, macho darini,
watoto wakamwita Mwavuli,
nami nikampelekea hesabu yangu:
bafta, uzi, nta, siku tisa za kazi.
Akanilipa mwavuli mmoja.

Sasa nitasema nisichomwambia hata dada yangu Hedwig.

Septemba, korongo wamekwisha kuondoka,
mkono wake ungali umefungwa shingoni,
alinituma kilimani nikaangalie ubawa wa kushoto
kama panya hawajautafuna.
Haukuwa umetafunwa.
Nikaingiza mikono, kupima tu,
kama unavyovaa koti la mteja kuangalia bega limekaaje.
Upepo ukaja kutoka ng'ambo ya mto.
Koti likanivaa mimi.

Nilikuwa na kilo hamsini na sketi mbili.
Nilikimbia. Kisha miguu ikaendelea kukimbia
na chini yake hapakuwa na kitu.
Nilichosikia ni mishono yangu,
mmoja mmoja, ikilia kwa sauti nyembamba
kama uzi uliovutwa kati ya meno na kidole.
Hakuna uliofumuka.
Kivuli changu kilipita juu ya mabata bukini,
wakainua shingo, wasione ajabu.
Ardhi ni mdai mvumilivu:
ilinipa muda, ikanifuata polepole,
kisha ikataka chake.
Magoti, tope, kofia sijui iko wapi.

Mtoto wa Pagel, mchunga bukini, aliona.
Akamwambia mama yake, Ottilie mshonaji amepita juu yangu.
Akazabwa kofi kwa uongo.
Deni hilo ni langu, sijalilipa.

Nikapangusa mbawa. Nikamwambia Tesch,
ubawa wa kushoto ni mzima,
ila mkia unataka kipande kirefu zaidi,
pua inazama.
Akanitazama muda mrefu.
"Umejuaje?"
Nikang'ata uzi, nikauliza kama bado ana bafta.

Daftari la mwaka ule ninalo.
Sketi ya mjane Pagel, maki mbili.
Sanda ya mzee Kröger, maki nne, nusu imelipwa.
Na mstari wa penseli usio na jina wala bei:
*hatua sitini na tatu.*
Nilirudi kesho yake alfajiri kuzihesabu,
toka alama ya mwisho ya kisigino
hadi shimo la goti.